Nyumba Iliyobomolewa Wapangaji Wakiwa Ndani: Kisa cha Final Fantasy XIV

Tarehe 10 Desemba 2010, Yoichi Wada, rais wa kampuni ya Square Enix ya Tokyo, aliwaomba radhi wateja wake hadharani. Gemu aliyokuwa akiiombea radhi ilikuwa na miezi miwili na siku chache tu sokoni. Katika tangazo hilohilo ilielezwa kwamba mtayarishaji wake, Hiromichi Tanaka, anaachia ngazi. Kwamba toleo la PlayStation 3, lililoahidiwa kwa Machi 2011, limeahirishwa bila kutajiwa tarehe. Na kwamba ada ya mwezi, ambayo ndiyo pumzi ya biashara ya gemu za aina hii, haitatozwa kwanza. Seva zingeendelea kuwaka, mafundi wangelipwa mishahara, bili za umeme zingelipwa, na mteja asingetoa hata yeni moja ya ada.

Gemu hiyo ni Final Fantasy XIV. Ni gemu ya mtandaoni ya kuigiza uhusika, ambamo maelfu ya watu huingia kwa wakati mmoja katika ulimwengu wa kubuni uitwao Eorzea, wenye uchawi, majoka, miji mikubwa inayojitawala na dola ya kijeshi inayoinyemelea kutoka kaskazini. Leo ni mojawapo ya gemu kubwa kabisa za aina yake duniani. Ndiyo maana kisa chake husimuliwa kama kisa cha ufufuko: ilikufa, akaja mtu mmoja hodari, ikafufuka, ikatajirisha kampuni. Simulizi hiyo si ya uongo, ila inaruka mahali ambapo mimi naona pana uzito wote.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakatupa mawili tuchague: ufa au ukuta. Kilichofanyika Tokyo kati ya 2011 na 2012 ni vyote viwili kwa mpigo. Ukuta mpya ulijengwa pembeni, na wakati huohuo nyufa za nyumba kuukuu, ambayo kila fundi aliyeshika mwiko alijua itabomolewa, zilizibwa moja baada ya nyingine. Kisa? Ndani yake bado walikuwa wanaishi watu. Kihesabu hiyo ni hasara tupu. Naamini ndiyo iliyoiokoa gemu, kuliko hata ukuta wenyewe.

Mzigo wa jina

Final Fantasy ya kwanza ilitoka mwaka 1987, kazi ya kundi dogo la Square, Square Enix ya baadaye, chini ya Hironobu Sakaguchi. Tanaka alikuwemo. Alijiunga na Square mwaka 1983, akashiriki Final Fantasy tatu za mwanzo, na baadaye akaibeba mabegani Final Fantasy XI, ya kwanza katika mfululizo huo kuchezwa mtandaoni, iliyotoka Japani Mei 2002. Nayataja haya mapema kwa sababu baada ya 2010 watu walimgeuza Tanaka kuwa mbumbumbu, naye hakuwa. XI iliingiza fedha miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2012 kampuni ilisema ndiyo Final Fantasy iliyokuwa imeleta faida kubwa kuliko zote hadi hapo. Timu iliyokabidhiwa XIV ilikuwa, kwa sehemu kubwa, timu iliyokwisha kushinda.

Ushindi huo uliwaponza. Novemba 2004 ilitoka World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya Marekani, na ndani ya miaka michache mchezaji wa kawaida akawa na matarajio mapya: menyu iitike papo hapo, kazi ya kufanya ionekane wazi, safari ya dakika tano isigeuke ya saa nzima. Watu wa XI walikuwa wameijua XI mpaka uvunguni. Hawakuwa wameishi katika nyumba za jirani.

XIV ilitangazwa Juni 2009 kwenye maonesho ya E3 mjini Los Angeles, jukwaani kwa Sony, na wengi walipigwa na butwaa kwa sababu hata XIII ilikuwa haijatoka. XIII ilitoka Japani Desemba mwaka huo. Gemu hizo mbili zilishirikiana injini moja, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, iitwayo Crystal Tools. XIII ni gemu ya mtu mmoja kochini, yenye wahusika wachache kwenye skrini na kamera inayoongozwa na mtengenezaji. Kwa kazi hiyo injini ilifaa. Kuichukua injini hiyohiyo na kuitaka ibebe uwanja uliojaa watu mia, kila mmoja na vazi lake na kila mmoja akitazama anakotaka, ni kama kumtwika farasi wa mashindano magunia ya mahindi.

Hapa ndipo linapoingia chungu la maua. Machi 2014, kwenye mkutano wa watengenezaji wa gemu mjini San Francisco, mrithi wa Tanaka, Naoki Yoshida, alisimama akaeleza kwa nini gemu ya kwanza ilianguka, na mfano uliobaki vichwani mwa watu ni wa chungu la maua. Pambo tu, lililowekwa pembeni mwa njia. Lilikuwa na poligoni, vile vipande vidogo vinavyounda umbo kwenye skrini, zipatazo 1,000 na mistari 150 ya msimbo wa kukokotoa mwanga na vivuli, sawasawa na mwili mzima wa mhusika wa mchezaji. Weka machungu kadhaa barabarani, kompyuta itadhani umeweka umati. Kwa hiyo watu halisi ikabidi wapunguzwe kwenye skrini ili machungu yapendeze. Katika gemu ambayo sababu yake ya kuwepo ni watu!

Naupenda mfano huu kwa kuwa hauna mvivu ndani yake. Mtu fulani alilifinyanga chungu lile kwa upendo. Alifanya kazi nzuri. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi nzuri hiyo inakula nafasi ya wageni.

Septemba 2010

Gemu ilianza kuuzwa kwa wote tarehe 30 Septemba 2010, kwa kompyuta za Windows. Wenye toleo la wakusanyaji waliingia tangu tarehe 22. Walichokikuta kilikuwa kizuri sana kwa macho, na muziki ulikuwa wa Nobuo Uematsu, jina lisilohitaji kutambulishwa kwa mpenzi yeyote wa mfululizo huu. Baada ya hapo shida zikaanza kujipanga foleni.

Seva zote zilikuwa Japani, na shughuli nyingi za menyu zilikuwa hazimaliziki kwenye kompyuta ya mchezaji: zilisafiri hadi seva na kurudi. Msomaji aliyeko Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kufafanuliwa hali hii. Unabonyeza, unangoja. Unahamisha kipande cha ngozi kutoka mfuko huu hadi ule, unangoja. Tofauti ni kwamba walioteseka safari hii walikuwa pia watu wa Ulaya na Marekani, na hata wa Japani kwenyewe, kwa kuwa menyu zilikuwa nzito kwa maumbile yake.

Soko lilikuwa kichekesho. XI ilikuwa na mnada: unaweka bidhaa, mwenzako anatafuta jina, anaona bei, ananunua. XIV ilikataa mnada. Kila mchezaji alipewa msaidizi wa kubuni wa kumsimamisha ukumbini akauze kwa niaba yake. Fikiria Kariakoo ambayo wauzaji wote wamesimama kimya, mikono nyuma, hakuna aliyetandaza kitu, na wewe unatafuta shoka. Unamwendea wa kwanza, unafungua mfuko wake, huna bahati. Unamwendea wa pili. Menyu, kumbuka, ni nzito. Nia ilikuwa kuepusha bei zisidhibitiwe na wachache; matokeo yake ni kwamba hata kijana aliyetaka kununua kofia ya kwanza alikata tamaa. Njia ya kutafuta bidhaa iliongezwa baadaye.

Kilichowachoma wengi zaidi, hata kabla gemu haijaanza kuuzwa, ni kanuni ya uchovu. Ndani ya juma moja, mchezaji alipata pointi zake zote za uzoefu kwa saa 8 za kwanza za kuvuna. Kuanzia hapo mapato yalipungua kidogo kidogo kwa saa 7 nyingine, mpaka yakafika sifuri. Kazi za kukabidhiwa nazo zilikuwa na kikomo: 8 kila baada ya saa 36. Timu ilieleza kwamba inataka mwenye ajira na watoto asiachwe mbali na mwenye muda wa kuchezea. Kwa maelezo ni hoja ya huruma. Kwa aliyelipa fedha zake ni mlango unaofungwa usoni: umeenda likizo, umejinunulia gemu, nayo inakwambia umecheza vya kutosha.

Mambo mengine yanatosha kutajwa. Ardhi ilikuwa ya kunakiliwa: kilima, korongo na mti uliopinda vinakutokea tena mbele, kisha tena, mpaka mchezaji hajui yuko wapi. Vita havikuwa na pigo la kujirudia lenyewe. Kila dharuba ilitaka kitufe chake. Na wachezaji wa Japani walikuwa na donge lao: chocobo, yule ndege mkubwa wa manjano ambaye ni nembo ya mfululizo mzima, aliandikwa kwa herufi mbili zenye maana ya farasi na ndege, namna iliyowasikikia kama Kichina. Kampuni ilirekebisha na kuomba radhi. Lakini ukikosea jina la chocobo mbele ya Mjapani mpenzi wa Final Fantasy, umekosea jina la mtoto siku ya arobaini yake.

Wahakiki waliipiga chini. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya maksi za wahakiki, ilitulia kwenye 49 kati ya 100. Kwa mfululizo uliozoea kupata tisini na kitu, hiyo ni aibu ya ukoo. Septemba 2011 Wada mwenyewe alikiri kwamba jina la Final Fantasy limeharibiwa vibaya na gemu hiyo. Rais wa kampuni kusema hivyo kuhusu bidhaa ambayo bado anaiuza si jambo linalotokea kila siku.

Kama kulikuwa na onyo? Lilikuwepo. Majaribio ya beta, yale ya kabla ya gemu kuuzwa, yalifanyika katika kiangazi cha 2010 na waliojaribu walilalamika mambo yaleyale. Muda ulikuwa umekwisha, na kulikuwa na imani iliyoota mizizi tangu enzi za XI: kikiwa na kasoro, tutakirekebisha kwa masasisho. Katika hotuba ile ya San Francisco hiyo ilitajwa kuwa mojawapo ya sababu tatu, pamoja na kupofushwa na uzuri wa picha na kutoyajua magemu ya wenzao. Binafsi ningeiweka ya kwanza. Chungu la maua lingeweza kupunguzwa Julai kama wangeamini kwamba Septemba ni ya mwisho.

Fundi mpya

Naoki Yoshida alikuwa na miaka 37, mzaliwa wa Hokkaido, aliyeanzia kampuni ya Hudson kabla ya kuhamia Square Enix mwaka 2004. Hakutoka ukoo wa Final Fantasy. Alikuwa upande wa Dragon Quest, mfululizo ndugu na mpinzani ndani ya nyumba moja, akifanya kazi kwenye gemu za mashine za kumbi za burudani na kwenye hatua za awali za Dragon Quest X. Alichokuwa nacho, na ambacho waliomtangulia hawakuwa nacho, ni maelfu ya saa za kucheza magemu ya mtandaoni ya wengine: Ultima Online, Dark Age of Camelot, World of Warcraft. Alikuwa mpangaji wa muda mrefu katika nyumba za watu. Alijua bomba huvuja wapi.

Alipewa vyeo viwili, mtayarishaji na mwongozaji. Kwa lugha nyepesi, mwenye kushika mfuko na mwenye kushika ramani ni mtu mmoja. Kwenye miradi mikubwa watu hawa wawili hugombana, na ugomvi wao ndio unaozuia mmoja asiangamize mradi kwa ndoto zake. Safari hii hapakuwa na muda wa ugomvi.

Mapema mwaka 2011 alipeleka kwa wakubwa njia alizoziona. Kukarabati kilichopo kwa miaka mingi, bila kufikia kiwango cha washindani, kwa sababu injini na seva zenyewe ndizo zilizooza. Au kutupa kila kitu na kujenga upya kwa takriban miaka miwili, injini mpya, ramani mpya, seva mpya. Ya tatu, kuifunga gemu na kukubali hasara, ilikuwa mezani hata kama hakuna aliyeitamka. Makampuni mengine huichagua kila mwaka. Ila jina lilikuwa Final Fantasy, na namba yake ya kirumi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Huwezi kuwa na XIII na XV halafu katikati kaburi.

Akajenga upya. Akaendelea pia kukarabati. Watu walewale wachache wakagawanywa, wengine ukutani, wengine kwenye nyufa. Tarehe 11 Machi 2011 ukaja mtetemeko mkubwa wa ardhi na tsunami kaskazini mashariki mwa Japani. Seva zilizimwa kwa siku kadhaa kuokoa umeme nchi ikiwa kwenye dhiki. Zilipowashwa, kazi zote mbili zikaendelea.

Masasisho ya miezi iliyofuata yanastahili kutazamwa kwa karibu. Julai 2011, toleo 1.18 likaleta pigo linalojirudia lenyewe, na vita vikaanza kufanana na vita. Kabla ya mwaka kwisha chocobo wakaanza kupandwa. Machi 2012 zikaja kazi za asili ambazo shabiki wa Final Fantasy angezitafuta kwa kurunzi: mlinzi mtakatifu, mchawi mweupe, mchawi mweusi. Ya uchovu yakaondolewa. Sasa fikiria mafundi walioandika msimbo huo. Kila mstari walioupanga ulikuwa wa nyumba iliyokwisha kuhukumiwa. Hakuna hata tofali moja ambalo lingebebwa kama lilivyo hadi kwenye jengo jipya.

Kwa nini basi? Ramani mpya ilikuwa haionekani. Mchezaji hawezi kuamini mpango wa miaka miwili kutoka kwa kampuni iliyomuuzia kitu kibovu jana. Anachoweza kuamini ni kwamba Jumatano iliyopita aliahidiwa kitu kidogo na Jumatano hii kipo. Masasisho yale yalikuwa rehani. Yoshida aliyasindikiza kwa barua za mtayarishaji, akieleza kinachokuja na kile ambacho hakiwezekani na kwa nini hakiwezekani, na baadaye akawa anaketi mbele ya kamera kujibu maswali ya wachezaji kwa saa nyingi. Mtindo huo wa kuketi kibarazani na wapangaji hakuuacha hata gemu ilipotajirika.

Pia aliwaambia wenzake wacheze World of Warcraft. Kwa timu ya Final Fantasy hiyo ilikuwa tusi na dawa katika kijiko kimoja.

Tarehe 14 Oktoba 2011 mpango ukatangazwa waziwazi: kutakuwa na toleo 2.0, gemu mpya kabisa. Na pamoja na tangazo hilo ikaja habari iliyotaka moyo mgumu: ada ya mwezi, ambayo hatimaye ilianza Januari 2012, itatozwa kwenye gemu ya zamani. Mpangaji anaambiwa nyumba yako itabomolewa, na karibuni utaanza kulipa kodi. Kwa desturi hapo ndipo watu hufunga virago. Waliolipa angalau miezi mitatu waliahidiwa kwamba watapunguziwa ada daima, watapata alama maalumu mwilini, na majina yao yataorodheshwa kwenye majina ya mwisho ya gemu pamoja na walioitengeneza. Walioitikia walikuwa wachache ukilinganisha na walionunua, lakini walikuwepo, na walilipa.

Mwezi mwekundu

Ingetosha kuzima seva na kuweka tangazo. Badala yake walilifanya anguko la gemu kuwa sehemu ya hadithi ya gemu.

Katika anga la Eorzea palikuwa na mwezi mdogo mwekundu, Dalamud, uliokuwepo tangu mwanzo bila mtu kuujali. Sasa ukaanza kukua. Sasisho baada ya sasisho ulikaribia, mkubwa zaidi, mwekundu zaidi, na hadithi ikafichua kwamba kamanda wa ile dola ya kaskazini anauvuta uanguke juu ya nchi. Mchezaji aliinua macho akaona siku ya kubomolewa nyumba yake ikining'inia angani. Sijui tangazo la biashara lililowahi kuwa la kweli namna hiyo.

Katika siku za mwisho mazimwi yalivamia miji, na watu wakakusanyika viwanjani wakipigana bila kutarajia faida, kwani pointi wanazovuna zingetumika lini? Seva zikazimwa tarehe 11 Novemba 2012. Ikafuatia video: majeshi yanapambana kwenye uwanda wa Carteneau, mwezi unashuka, gamba lake linapasuka, na ndani yake anatoka Bahamut, joka ambalo mashabiki wanalijua tangu gemu ya kwanza. Anateketeza kila kitu. Mzee Louisoix anatumia nguvu zake za mwisho kuwasukuma mashujaa nje ya wakati, na juu ya moto huo unaimba wimbo wa Uematsu kwa sauti ya Susan Calloway. Ramani zile zilizonakiliwa, ukumbi wa wasaidizi kimya, machungu ya maua: vyote vikaungua kwa halali ndani ya hadithi.

Kuna jambo dogo zaidi ninalolipenda kuliko joka. Katika gemu mpya miaka mitano imepita, na wakazi wa Eorzea wanakumbuka kwamba kulikuwa na mashujaa waliosimama siku ile. Wakijaribu kukumbuka sura zao, wanaona mwanga tu. Majina yamewatoka. Ni mbinu ya uandishi ya kuruhusu mgeni na mwenyeji waanze pamoja, najua. Hata hivyo, kwa yule aliyelipa kodi ya nyumba inayobomolewa, maneno hayo yana uchungu ambao mchezaji mpya hawezi kuusikia.

Agosti 2013

Kabla nyumba mpya haijafunguliwa, aliyeiamuru hakuwepo tena. Machi 2013 Square Enix ilitangaza kwamba inatarajia hasara ya yeni bilioni 13 kwa mwaka wa fedha, na Wada akatangaza kujiuzulu. Yosuke Matsuda akashika nafasi. Tanaka alikuwa ameondoka 2012 kwa sababu za afya. Ulikuwa pia wakati ambao kila mtu alikuwa anaitangazia kifo ada ya mwezi: Star Wars: The Old Republic, gemu nyingine ya mtandaoni, ilikuwa imegeuzwa ya bure Novemba 2012. Yoshida akang'ang'ania ada. Alisema gemu inayoishi kwa ada inajua kesho italeta nini, hivyo inaweza kupanga masasisho yake.

Final Fantasy XIV: A Realm Reborn ikafunguliwa tarehe 27 Agosti 2013 kwa Windows na PlayStation 3. Na ikaanguka tena, safari hii kwa kufurika. Watu hawakuweza kuingia, seva zilijaa, mauzo ya nakala za mtandaoni yakasimamishwa kwa muda. Yoshida akaomba radhi, seva zikaongezwa, wachezaji wakafidiwa siku za bure. Wahakiki walilipa toleo la Windows maksi zaidi ya 80. PlayStation 4 ikafuata Aprili 2014.

Je, ilikuwa gemu bora? Ilikuwa gemu iliyofanya kazi, na kwa 2013 hilo lilitosha. Mengi ndani yake yalifuata njia zilizokanyagwa na World of Warcraft, na hadithi ya kwanza ilikuwa na mrundo wa kazi za kutumwa dukani na kurudi ambao kampuni yenyewe iliupunguza mwaka 2020. Kuna pia vitu vya Tanaka vilivyobaki bila kupigiwa makofi. Ile kanuni kwamba ukibadilisha silaha umebadilisha kazi, na mtu mmoja anaweza kuwa mpiga mkuki asubuhi na mganga jioni, ni ya 2010. Upishi, uhunzi, ushonaji, uvuvi kuwa kazi kamili zenye heshima sawa na upiganaji, ni ya 2010. Nyumba ilibomolewa, msingi haukung'olewa wote.

Yaliyofuata yanajulikana, nyongeza moja ya gemu baada ya nyingine: Heavensward 2015, Stormblood 2017, Shadowbringers 2019, Endwalker 2021, Dawntrail 2024. Kufikia Oktoba 2021 zilihesabiwa akaunti zaidi ya milioni 24 zilizowahi kusajiliwa, zikiwemo za majaribio ya bure, na mwaka huohuo Yoshida akasema XIV imeipiku kila Final Fantasy kwa faida. Desemba foleni za kuingia zikawa ndefu kiasi kwamba kampuni ikaacha kuiuza gemu hadi mwishoni mwa Januari 2022.

Tangu hapo kisa hiki kimegeuzwa kisingizio. Kampuni inatoa gemu mbovu, mashabiki wanaombwa subira, na mtu anataja XIV. Anasahau hesabu. Square Enix ilikuwa na XI iliyokuwa bado inakamuliwa, ilikuwa na jina ambalo haikuthubutu kulizika, na ilikubali zaidi ya mwaka mzima bila ada. Kampuni ndogo ikijaribu hivyo itafilisika kabla ya ufa wa tatu. Na hata mwenye fedha, akiwaacha wapangaji wake kwenye nyumba inayovuja huku yeye anapaka rangi jengo jipya, siku ya kuhamia atakuta hakuna wa kuhama.

Gemu ya 2010 haichezeki tena kwa njia rasmi. Mashabiki wachache wamejaribu kutengeneza seva zao wenyewe kwa kufumua faili za diski kuukuu, na wamefika sehemu: unaweza kutembea mjini, kukuta watu wawili watatu, kusikiliza muziki. Video zilizorekodiwa zamani nazo zipo. Ukizitazama kwa utulivu utaviona vilima vilivyonakiliwa, na pembeni mwa njia, machungu ya maua. Ni mazuri kweli.